Barua ya wazi kwa wanaotunza Kisiwa cha Theodore Roosevelt: lile si pori tupu

Kwa wasimamizi wa Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani mnaokitunza Kisiwa cha Theodore Roosevelt, na kwa waheshimiwa wa Kongresi mnaoipitishia idara hiyo bajeti,

Salaam.

Nakaa Arlington, Virginia, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee zamu ya usiku. Nimezaliwa Pangani, Tanzania, pale mto unapokutana na bahari. Nawaandikia kuhusu kisiwa kilicho katikati ya Mto Potomac, ambacho ninyi ndio walinzi wake na mimi ni mgeni wake wa karibu kila Jumapili asubuhi nikitoka kazini. Nakala ya Kiingereza mtaikuta ndani ya bahasha, lakini barua yenyewe ni hii ya Kiswahili. Nataka ndugu zangu wa huku na wa nyumbani waisome, maana nao wamo katika habari hii, na wengi wao hawajui kwamba wamo.

Ombi langu ni kwamba watu waliotumikishwa, waliofunzwa uaskari na waliopata kimbilio kwenye kisiwa hicho warudishwe mahali pao: kwa majina pale majina yanapojulikana, na kwa alama ya jiwe pale walipokuwa wakilala.

Kwa wasomaji walio mbali, nieleze kidogo. Kisiwa kina ukubwa wa kama hekta 36. Upande wa magharibi ni Virginia, na ukitazama mashariki unaiona Washington: Georgetown na lile jumba la sanaa la Kennedy. Gari haliingii, wala baiskeli. Mwenye gari analiacha kwenye maegesho ya upande wa Virginia, na maegesho hayo unayapata tu ukiwa kwenye njia inayoelekea kaskazini. Sisi wengine tunatembea kutoka kituo cha treni cha Rosslyn, kisha tunavuka daraja jembamba la miguu. Ukishavuka, mji unabaki nyuma yako. Mbele ni miti mirefu, kinamasi, na njia ya mbao iliyojengwa juu ya tope. Ndege za uwanja wa Reagan zinapita juu zikiufuata mto, na upande wa kusini magari yananguruma kwenye daraja kubwa lililofunguliwa mwaka 1964, ambalo nguzo zake zimeikanyaga ncha ya kisiwa.

Mimi nilivutwa na maji. Potomac ni mto wa kutoka milimani, lakini hapo kisiwani bado unapwa na kujaa kama bahari, tofauti ya karibu mita moja. Maji yakipwa, tope linabaki wazi chini ya zile mbao, jeusi, linang'aa, limejaa vitundu vidogo vinavyotoa mapovu. Matete yamesimama kila bua na mstari wake wa maji. Harufu yake ni ileile ya mikokoni kwetu. Mara ya kwanza nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi kwa baridi, kwa sababu sikutegemea kuikuta harufu ya Pangani katikati ya Washington.

Nikaamini niko katika pori la tangu dunia kuumbwa. Nimekuja kujua baadaye kwamba ndivyo lilivyopangwa lionekane. Mwaka 1931 chama cha kumbukumbu ya Rais Roosevelt kilikinunua kisiwa kutoka kwa kampuni ya gesi ya Washington, na mwaka uliofuata Kongresi ikaidhinisha kiwe ukumbusho wake. Mbunifu wa mandhari Frederick Law Olmsted mdogo akachora ramani ya msitu. Vijana wa mpango wa ajira wa serikali wa miaka ya 1930 wakafyeka, wakaangusha kuta zilizokuwa zimebaki za jumba la zamani, wakapanda maelfu ya miti, ili anayeingia aone msitu kama ulivyokuwa kabla ya makazi. Miti ile imepandwa kwa mkono, na umri wake ni wa marehemu babu yangu. Na kabla ya kupandwa, mahali palifagiliwa kwanza.

Kilichofagiliwa ni kirefu. Wa kwanza kutajwa ni Wanacotchtank, Wenyeji wa Amerika waliohamia kisiwani kwa muda mwaka 1668 walipokuwa wakisukumwa kutoka kwenye ardhi yao, na jina la zamani la kisiwa, Analostan, limetokana na wao. Kisha wakaja wenye hati. Mwaka 1724 kisiwa kikawa mali ya ukoo wa Mason.

Kuhusu Mason lazima nikae kidogo. George Mason ndiye aliyeandika Tamko la Haki la Virginia la mwaka 1776, linaloanza kwa kusema kwamba watu wote kwa asili yao wako huru sawasawa. Alikuwa na watumwa. Mwanawe John akakirithi kisiwa, akajenga jumba la kifahari, akatengeneza bustani zilizosifiwa na wageni, akafuga kondoo, akalima mahindi na pamba. Naandika "akalima" kama vitabu vinavyoandika, lakini kila aliyewahi kushika jembe anajua shamba halilimwi na mwenye hati. Walilima watumwa, hao hao wakapika, wakafua, wakapiga makasia ya kivuko kwenda Georgetown. Ilipofika 1807 likajengwa tuta la kuunganisha kisiwa na bara, maji ya upande ule yakatuama, na miaka ya 1830 akina Mason wakahama. Jumba likaja kuungua mwaka 1906. Leo mgeni anaweza kusimama juu ya msingi wake akadhani amesimama juu ya mzizi wa mti.

Sasa nafika kwenye jambo lililoninyima usingizi, mimi ambaye mchana ndio usiku wangu.

Mei 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Washington ilianza kuandikisha kikosi cha wanaume weusi. Ndicho kilichokuja kuitwa Kikosi cha Kwanza cha Askari Weusi wa Marekani, namba moja katika orodha ya jeshi lililofikisha watu wapatao 179,000. Mchungaji Henry McNeal Turner aliwahamasisha vijana wajiandikishe, na baadaye akaenda vitani nao kama kasisi wao. Mjini hawakuwa salama. Utumwa ulikuwa umefutwa Washington Aprili 1862, lakini ng'ambo tu ya mpaka, Maryland, ulikuwa bado halali, na haukufutwa huko hadi Novemba 1864. Kijana aliyevuka kutoka kwa bwana wake usiku, akajiandikisha asubuhi, aliweza kukamatwa mchana kama mali iliyopotea. Barabarani walitukanwa na kushambuliwa. Basi wakapelekwa kisiwani. Pale ninapotembea mimi kunyoosha mgongo, wao walijifunza kushika bunduki, mto ukiwa ndio ukuta wao.

Julai 1863 wakalipwa mshahara wao. Askari mweusi alipangiwa dola 10 kwa mwezi, akakatwa 3 za nguo, zikabaki 7. Mzungu wa cheo hichohicho alipata 13. Mwaka mzima ukapita, hadi Juni 1864, ndipo Kongresi ikasawazisha, na kufikia hapo kikosi hiki kilishapigana Wilson's Wharf na kilikuwa kinapigana Petersburg. Kikaenda hadi North Carolina, kwenye ngome ya Fort Fisher. Watu waliolipwa nusu ya haki yao walikwenda mbele hivyohivyo.

Askari walipoondoka, kisiwa hakikubaki kitupu. Mwaka 1864 kikawa kambi ya waliotoroka utumwa au kukombolewa na vita: akina mama, watoto, wazee, zaidi ya watu elfu moja kwa wakati mmoja, waliowekwa kwenye mabanda wakisubiri kupelekwa kwenye kazi. Ilipofika 1865 kambi ikafungwa. Nawafikiria sana wazee wa kambi ile. Kazi yangu ni wazee. Najua mzee anavyouliza "napelekwa wapi?" mara kumi kwa usiku mmoja hata akiwa kitandani pake, ndani ya chumba chenye joto. Sasa mchukue mzee aliyefanya kazi ya mtu mwingine miaka 60, muweke kwenye banda katikati ya mto, mwambie asubiri.

Ukiingia kisiwani leo, unachokikuta katikati ni uwanja wa mawe uliozinduliwa Oktoba 1967, na juu yake sanamu ya shaba ya Rais Theodore Roosevelt iliyochongwa na Paul Manship. Ina urefu wa kama mita 5, mkono wa kulia ameunyanyua juu. Kuizunguka kuna mabamba manne ya granaiti marefu kuliko hata yeye, yamechorwa maneno yake kuhusu maumbile, uanaume, vijana na dola. Askari wale hawana sanamu pale, wala bamba la granaiti. Mmewaandika, nakiri. Lakini kati ya kuandikwa na kusimamishwa kuna umbali, na mtoto anayekuja na shule yake anaupima umbali huo kwa macho kabla hajasoma neno hata moja.

Sikuandika kuomba sanamu iondolewe. Mwaka 2022 ile ya New York, iliyomwonyesha Roosevelt juu ya farasi na Mwafrika na Mwenyeji wa Amerika wakitembea kwa miguu ubavuni, iliondolewa mbele ya jumba la makumbusho, na kwa maoni yangu ilistahili kuondoka. Hii ya kisiwani ni tofauti. Inamheshimu mtu aliyezihifadhi ardhi kwa mamilioni ya ekari, na mimi ninayepumua msitu wake kila Jumapili nikikana hilo nitakuwa mnafiki. Alimkaribisha Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa watu weusi, mezani Ikulu mwaka 1901, akatukanwa nchi nzima kwa sababu hiyo. Lakini mwaka 1906 aliwafukuza jeshini askari weusi 167 kwa tuhuma za ufyatuaji risasi wa Brownsville, Texas, bila kesi, bila pensheni. Jeshi lilikuja kuwasafisha mwaka 1972, wakati karibu wote walishazikwa. Mtu huyo ndiye aliyesimamishwa peke yake juu ya udongo ambako askari weusi wa kwanza wa Washington walijifunza kupiga saluti. Nadhani hakuna aliyekusudia. Ila limetokea, na walio na uwezo wa kulirekebisha ni ninyi.

Sasa niseme kwa nini Kiswahili kimo.

Machi 1909 Roosevelt alimaliza urais, na Aprili akashuka Mombasa na mwanawe Kermit kwa ile safari yake ya kuwinda na kukusanya vielelezo kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, ambayo yako hapahapa Washington. Walikusanya wanyama zaidi ya 11,000. Walikuwa na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi peke yake. Nani alibeba? Wapagazi zaidi ya 200, mzigo wa kama kilo 27 kichwani kwa kila mmoja, na lugha ya msafara ikiwa Kiswahili. Walimwita Bwana Mkubwa. Kermit, aliyependa kuvaa, wakamwita Bwana Maridadi. Roosevelt mwenyewe aliyaandika majina hayo katika kitabu chake, kwa tahajia yake. Kwa hiyo wale watu tunawajua hata kwa utani wao: walitembea wamebeba mizigo ya mtu mwingine na bado wakapata nguvu ya kumpa jina mtoto wake. Bamba la maumbile pale kisiwani halina neno juu yao.

Na kuna zaidi ya mizigo. Nchi aliyoiwinda, ambayo picha zake zilikuja kuonyeshwa kama Afrika ya asili isiyoguswa, ilikuwa na wenyewe. Maeneo ya Naivasha, Wamaasai walikuwa wameondolewa kwa mkataba wa 1904, miaka mitano tu kabla hajafika. Miaka 50 baadaye, 1959, Wamaasai wengine wakatolewa Serengeti ili hifadhi ibaki ya wanyama. Sisi tuliokulia Tanzania tumefundishwa kuzipenda hifadhi zetu, na mimi nazipenda. Lakini tunaijua pia ile hadithi ya pori lisilo na watu, tunajua namna inavyotengenezwa: kwanza watu wanaondolewa, halafu inasemwa hawakuwepo. Ndiyo maana nilipojua kwamba msitu wa kisiwa ulipandwa juu ya kuta zilizoangushwa, sikushangaa. Niliumia tu, kwa sababu nilikuwa nimeupenda kabla ya kujua.

Waheshimiwa, ninachoomba hakihitaji kukata mti hata mmoja.

Majina ya askari wa Kikosi cha Kwanza yapo. Kumbukumbu zao za utumishi zinatunzwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, mwendo wa dakika chache kutoka kisiwani, na yamekwisha kuandikwa ukutani kwenye ukumbusho wa mtaa wa U, uliosimamishwa mwaka 1998 ukiwa na majina zaidi ya 209,000. Yaleteni na kisiwani. Yachongwe kwenye jiwe, si kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki ambayo jua la miaka kadhaa linaifuta. Lisiwe jiwe la kushindana na sanamu kwa urefu. Liwe chini, kimo cha mtoto, kando ya njia ya maji, ili mtu apitishe kidole juu ya jina. Wengi waliandikishwa kutoka Washington na Maryland, na ninaamini wapo watu wa mji huu watakaokuja kutafuta majina ya ukoo wao pale.

Wataalamu wa mambo ya kale wapewe fedha na muda watafute yalikokuwa mabanda ya askari na ya kambi. Yakipatikana, mipaka yake ichorwe ardhini kwa mawe bapa, bila kujenga chochote juu yake, ili mtu anayetembea ajue sasa ameingia ndani ya chumba cha watu. Msingi wa jumba la Mason nao utambulishwe kwa waliokuwa wakilifagia pamoja na waliokuwa wakilala ndani. Na pale mnapoieleza safari ya 1909, wapagazi waingizwe, na angalau sentensi moja iandikwe kwa lugha waliyoisema. Nitaitafsiri bure.

Najua wakati mliopo ni mgumu. Tangu agizo la Rais la Machi 2025, mabango ya kihistoria katika hifadhi zote yanapitiwa upya, na wageni wameombwa waripoti maelezo wanayoona yanawadhalilisha Wamarekani. Nimelifikiria agizo hilo kwa uzito, na naona ombi langu halipingani nalo. Waliojifunza kwata kisiwani walikuwa Wamarekani. Waliopigana Petersburg kwa dola 7 walipigania nchi hii ibaki moja. Kuwachonga kwenye jiwe hakumdhalilishi mtu yeyote. Mkilisoma agizo kwa namna ya kuwaondoa, basi mtakuwa mmewafagia mara ya pili, na safari hii hakutakuwa na msitu wa kuficha.

Kwa wabunge nina jambo la kawaida kabisa. Wafanyakazi wa hifadhi ninaowaona pale ni wachache, na wanajitahidi. Kuna siku mbao za njia zinakuwa zimelegea, kuna siku mifereji ya maji inayozunguka uwanja wa sanamu imekauka na kujaa majani. Kisiwa hakina duka wala kiingilio, hakiingizi chochote, hivyo ni rahisi kusahaulika kwenye karatasi za hesabu. Watu wanaokitumia ni wakimbiaji, wanafunzi, wazee wenye mbwa, wahamiaji kama mimi wanaotafuta mahali pa kukaa kimya bila kuulizwa wananunua nini. Tunalipa kodi nasi.

Mkitaka kunisikiliza ana kwa ana, nipo kila Jumapili kuanzia saa mbili na nusu asubuhi, mwisho wa daraja la miguu upande wa kisiwa, nimevaa koti la kijani na sare ya kazi ndani. Kama maji yamepwa, nitawapeleka kwanza kwenye njia ya mbao. Kutoka pale, msimu ambao majani yamepukutika, Georgetown inaonekana yote, nyumba kwa nyumba. Wao nao walikuwa wakiiona.

Wenu,

Mkazi wa Arlington, mzaliwa wa Pangani